Krimu za mimea na jua la Mwambao: zinakinga nini, zinashindwa wapi

Jua la kaskazi halina mswalie Mtume. Mtu akivuka feri ya Likoni saa sita mchana bila kofia wala mwavuli, akifika ng'ambo ya pili uso umekwisha kukaza. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa miale ya jua: likifika 3 unaambiwa ujikinge, na likifika 11 linaitwa kali kupindukia. Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Kuanzia Februari hadi Aprili, hiyo 11 kwetu ni jambo la kawaida wakati wa adhuhuri.

Penye jua biashara haikosi. Siku hizi ukipita Marikiti au ukifungua simu yako, utaona vichupa vya krimu zinazosemwa ni za mimea mitupu: chai ya kijani, komamanga, mbegu za zabibu, manjano, mwarubaini, habasoda. Maneno yake karibu yanafanana yote. Krimu "inakinga jua", "inaondoa sumu za mwanga", "ina antioksidanti", na la kumalizia, "haina kemikali". Bei zake si mchezo. Kichupa kimoja nilichokiona mwezi uliopita kiliuzwa shilingi 2,500, na kilikuwa hakijazi kiganja.

Nimeulizwa juu ya krimu hizi na watu wengi, kuanzia dada zangu mpaka kijana wa boda anayenipeleka kazini. Mimi si daktari wa ngozi. Nilichonacho ni stashahada ya kemia na mazoea ya kusoma lebo kabla ya kutoa pesa. Jibu langu fupi ni kwamba baadhi ya mimea hiyo inafanya kazi kweli, ila si kazi ile inayotangazwa. Jibu refu ndilo hili hapa. Nakuomba ulisome mpaka mwisho, hasa ikiwa nyumbani kwako kuna mtoto mwenye ualbino.

Mwizi wa elektroni

Tuanze na hizo zinazoitwa sumu za mwanga. Wataalamu huziita radikali huru. Kila kitu mwilini kimejengwa kwa molekuli, na molekuli hushikana kwa elektroni zinazokaa wawili wawili. Ikitokea molekuli ikapoteza mmoja, aliyebaki hatulii. Molekuli hiyo itamnyang'anya jirani yake elektroni ili ijaze pengo lake. Jirani naye akishaibiwa anageuka mwizi, anamwendea mwengine, na mlolongo unaendelea hivyo. Hiyo ndiyo radikali huru.

Jikoni unaiona kazi ya namna hii kila siku. Mafuta yaliyokaa kwenye chupa nyeupe dirishani huchacha upesi kuliko yaliyofichwa kabatini, kwa sababu mwanga na hewa vimeyaanzishia mlolongo huo. Parachichi ukilikata na kuliacha linapiga weusi, na ukilikamulia ndimu weusi unachelewa. Ndimu ina vitamini C, na vitamini C hutoa elektroni yake kwa hiari ili kitu kingine kisiharibike. Kitu chochote kinachojitolea hivyo ndicho kinachoitwa antioksidanti.

Sasa rudi kwenye ngozi. Jua linatuletea miale ya urujuanimno ambayo jicho halioni. Ile inayotufikia ni ya aina mbili. UVB ndiyo inayobabua, nayo huishia zaidi katika tabaka la juu la ngozi. UVA haibabui sana lakini inazama ndani zaidi, inapenya mawingu na vioo vya gari, nayo ni takriban asilimia 95 ya urujuanimno wote unaofika ardhini. Miale hii ikigonga baadhi ya molekuli za ngozi, nguvu yake hupokezwa oksijeni iliyo karibu, na oksijeni hiyo inageuka kuwa kali, yenye njaa ya elektroni. Huko ndani inaharibu mafuta yanayojenga kuta za seli, protini, na hata DNA iliyobeba maagizo ya seli. Pia inaamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi isilegee. Ndiyo maana shingo ya mvuvi wa miaka 40 inaweza kuonekana ya miaka 60, hali mgongo wake uliofunikwa na shati bado ni laini.

Fikra ya kwamba radikali huru ndizo zinazouzeesha mwili si ngeni. Mwanasayansi wa Marekani Denham Harman aliiandika mwaka 1956. Mwili nao haukuachwa bila silaha. Ngozi ina antioksidanti zake, zikiwemo vitamini C na E, lakini jua kali huzimaliza haraka kuliko mwili unavyoweza kuzirudisha. Hapo ndipo watu walipojiuliza: kwa nini tusiziongeze kwa kupaka?

Kwa nini mimea

Mti hauna miguu ya kukimbilia kivulini. Unasimama juani tangu asubuhi mpaka magharibi, miaka nenda miaka rudi, na majani yake lazima yapokee mwanga ili yaishi. Kwa hiyo mimea imejaaliwa viini vingi vya kuzima radikali huru. Rangi nyekundu ya komamanga, ukakasi wa chai, umanjano wa manjano, vyote vinatokana na viini vya namna hiyo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mimea ina antioksidanti hakudanganyi. Mjadala uko katika kiasi chake, hali yake ndani ya kichupa, na kama inafika ndani ya ngozi ikiwa bado hai.

Ushahidi upo. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio waliyowafanyia watu waliojitolea. Waliwapaka viini vya chai ya kijani nusu saa kabla ya kuwamulika kwa miale ya urujuanimno. Sehemu zilizopakwa zilipata wekundu mdogo zaidi, seli zilizoungua zilikuwa chache, na DNA iliharibika kidogo kuliko sehemu ambazo hazikupakwa.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, akiwemo daktari wa ngozi Sheldon Pinnell, walitoa matokeo mengine. Walichanganya asilimia 15 ya vitamini C, asilimia 1 ya vitamini E na nusu asilimia ya asidi ya feruliki, ambayo inapatikana katika pumba za mchele na nafaka nyingine. Mchanganyiko wa vitamini hizo mbili peke yake uliongeza kinga ya ngozi mara nne. Ulipotiwa asidi ya feruliki ukafika mara nane. Majaribio hayo yalifanywa juu ya ngozi ya nguruwe, ambayo watafiti huitumia kwa kuwa inafanana sana na yetu.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kulifuatilia jambo hili. Chai ndiyo inayotuingizia fedha nyingi za kigeni, na tangu 2011 wakulima wetu wamepewa aina ya chai ya zambarau, TRFK 306, iliyozalishwa hapa hapa nchini. Rangi yake ya zambarau inatokana na viini vya jamii ya antioksidanti. Siku viwanda vyetu vitakapotengeneza krimu zilizopimwa kutokana na majani hayo, nitakuwa wa kwanza kuzisifu. Lakini kuchemsha majani ya chai jikoni na kujipaka maji yake si jaribio lile la 2001. Kule walijua kiini gani, kiasi gani, na kimekaa juu ya ngozi muda gani.

Paa na ndoo

Hapa ndipo matangazo yanapowapoteza watu. Ichukulie ngozi yako kama nyumba msimu wa masika. Krimu ya kukinga jua, ile yenye kipimo cha SPF, ni paa: inaizuia miale isiingie, ama kwa kuirudisha au kwa kuimeza. Antioksidanti ni ndoo unayoitega chini ya makuti yanayovuja. Inakinga matone yaliyokwisha kupenya. Hakuna paa lisilovuja kabisa, kwa hivyo ndoo ina faida yake. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu anayeezua paa kwa sababu amenunua ndoo nzuri.

Tena kuna madhara ambayo ndoo haiyawezi. Nimesema miale huzaa radikali huru, nazo ndizo zinazoharibu. Hiyo ni njia moja. Njia ya pili haihitaji radikali yoyote: mwale wa UVB unaigonga DNA yenyewe moja kwa moja na kuzigandamanisha herufi zake mbili mahali zisipotakiwa kugandamana. Seli ikikosea kurekebisha hapo, kosa hilo linaweza kuwa mbegu ya saratani. Antioksidanti inamkamata mwizi wa elektroni. Jiwe lililotupwa moja kwa moja dirishani halikamatwi naye. Dawa yake ni kuizuia miale yenyewe isifike.

Mfano bora ninaoujua unatoka Nambour, mji mdogo wa jimbo la Queensland, Australia. Kuanzia 1992 zaidi ya watu 1,600 waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao walipewa krimu ya kukinga jua waipake kila siku, na wengine wakaachwa watumie kama walivyozoea. Wakagawanywa tena: baadhi wakapewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti inayoipa karoti rangi yake, na wengine vidonge vitupu. Baada ya miaka minne na nusu, waliopaka krimu kila siku walikuwa na uvimbe wa aina moja ya saratani ya ngozi pungufu kwa takriban asilimia 40. Matokeo yaliyochapishwa 2013, ya watu takriban 900 wenye umri chini ya miaka 55, yalionyesha pia kwamba ngozi za kundi hilo zilizeeka kwa asilimia 24 chini ya wenzao. Beta-karotini haikuleta tofauti ya maana, si kwa saratani wala kwa uzee wa ngozi. Ni kweli kwamba vidonge vile vilimezwa, havikupakwa, na sitaki kuzihukumu krimu zote kwa jaribio hilo. Ila mahali ambapo paa na ndoo vilijaribiwa pamoja, paa ndilo lililoisitiri nyumba.

Mtu ataniuliza: sisi weusi tunahitaji paa lipi tena, Mungu si ametupa melanini? Ametupa, alhamdulillahi. Vipimo vya 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha takriban asilimia 7 ya UVB, hali ngozi nyeupe hupitisha asilimia 24. Ni paa zuri, na kwa sababu hiyo saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni chache kwetu. Walakini halitukingi na kila kitu. Mabaka meusi usoni baada ya uzazi, makovu ya chunusi yasiyofutika, na shingo kukunjamana mapema, yote haya jua linayazidisha. Na wapo miongoni mwetu waliozaliwa bila paa hilo.

Mtoto wa jirani

Mwaka jana nilikutana na mtoto wa jirani yangu hapa Kisauni akitoka madrasa. Ana ualbino, na ana miaka tisa. Masikio yake yalikuwa yamebabuka, shingo ina malengelenge, na mdomo wa chini umepasuka. Nilimjua kuwa ni mtoto anayetunzwa, hatoki bila kofia wala mikono mirefu, kwa hiyo nilishtuka. Nikamuuliza mamake, tena kwa adabu, maana jambo la mwana ni zito.

"Ile nyeupe ya hospitali nimeiacha, kakangu," akanijibu. "Nimeambiwa ina kemikali zitamdhuru akikua. Nampaka hii ya mimea, nimeinunua ghali."

Akanionyesha. Lebo ilikuwa na picha ya jani la chai na nusu ya komamanga, na maneno "kinga ya asili ya jua". Namba ya SPF haikuwepo. Zinki oksaidi haikuwepo. Ndani mlikuwa na mafuta ya nazi, nta ya nyuki, manukato na viini vya mimea minne. Kwa mtu mzima mwenye melanini yake, hayo ni mafuta mazuri ya kulainisha ngozi. Kwa mtoto yule ilikuwa ni kama kumtoa nje uchi. Mama hakuwa mzembe. Alifanya alilofanya kwa mapenzi na kwa kuamini alichoambiwa, na alikuwa amejinyima ili akinunue kichupa kile.

Mtoto alirudishwa kwa daktari wa ngozi, na ngozi ikapona. Lakini kwa mwenye ualbino kila kuungua kunahesabiwa. Saratani ya ngozi huanza kwao mapema, na katika Afrika ni miongoni mwa sababu kubwa zinazokatisha maisha yao.

Kwa hiyo nalisema waziwazi: mtu mwenye ualbino asibadilishe krimu ya SPF kwa krimu ya antioksidanti, iwe ya mmea gani, iwe ya bei gani. Hapa Kenya, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa watu wenye ualbino waliosajiliwa krimu ya kukinga jua bila malipo. Wenzetu wa Tanzania wanatengeneza ya kwao, inayoitwa Kilisun, pale hospitali ya KCMC mjini Moshi, mahsusi kwa watu hawa. Kama una ndugu ambaye hajasajiliwa, msaidie asajiliwe.

"Haina kemikali"

Neno hili linanikera kama mtu wa kemia. Maji ni kemikali. Asidi ya ndimu ni kemikali. Swali la maana ni hili: kitu hiki kinafanya nini juu ya ngozi, na kwa kiasi gani?

Chukua hiyo ndimu. Wapo wanaojisugua ndimu usoni ili "kung'arisha", kisha wanatoka. Ndimu ina viini ambavyo, vikipigwa na UVA vikiwa juu ya ngozi, vinaiunguza. Siku moja au mbili baadaye yanatoka malengelenge, na yakipona yanaacha mabaka meusi yanayoweza kukaa miezi. Aliyekuwa akitafuta weupe amepata weusi. Ndimu kwenye samaki ni neema. Usoni ukaenda juani ni balaa.

Manjano nayo ina kiini chenye nguvu ya antioksidanti, lakini kiini hicho kinaharibika upesi kwa mwanga, na kikimulikwa kinaweza chenyewe kuzalisha oksijeni kali. Ndiyo maana mimi huona manjano ni ya singo ya usiku, bi harusi akiwa ndani, si ya kwendea sokoni. Mshubiri unapoza ngozi iliyoungua, lakini hauzuii isiungue. Na mafuta ya nazi, ambayo wengi huapa kwamba yanakinga jua, yalipopimwa maabara huko India mwaka 2010 hayakufika SPF 10. Tena kilikuwa kipimo cha kwenye chombo, si cha kwenye uso unaotoka jasho.

Kuna hatari nyingine inayojificha nyuma ya picha ya jani. Baadhi ya krimu zinazouzwa kama za mimea huwa zimetiwa zebaki au haidrokwinoni ili mteja aone uso umebadilika ndani ya wiki. KEBS ilishapiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo. Zebaki hudhuru figo na ubongo, na mama mjamzito humpitishia mtoto tumboni. Tena kinachochubua kinaondoa melanini, yaani lile paa la bure ulilozaliwa nalo. Krimu yoyote inayokung'arisha upesi hivyo, itilie shaka.

Na liwa je?

Bibi zetu walisaga sandali juu ya msio kwa maji ya waridi, wakajipaka liwa usoni. Ndugu zetu wa Ngazija mpaka leo wanawake wao hutoka na msindanu mashavuni. Je, walikosea? Hapana. Utando mzito wa kitu kisichopitisha mwanga hupunguza miale inayoifikia ngozi, na hiyo ndiyo fikra ile ile ya zinki oksaidi, ambayo nayo ni unga mweupe wa madini. Tofauti ni kwamba zinki imesagwa ikawa laini mno, inatandaa sawasawa, na imepimwa. Liwa ikikauka inapasuka, jasho likitoka inatiririka, na hakuna anayejua ameiweka kwa unene gani. Iache iwe pambo na heshima ya mila. Usiitwike kazi ya SPF 30.

Wenye mabaka usoni wajue na jambo hili: mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho nao huzidisha mabaka kwa watu weusi. Krimu nyeupe ya kawaida haiuzuii vya kutosha. Yenye rangi ya udongo, iliyotiwa oksaidi ya chuma, inauzuia vizuri zaidi. Ni chuma hicho hicho kinachoipa wekundu ardhi ya Voi. Tena haikuachi na uso wa majivu.

Ukinunua, ukitumia

Ikiwa una pesa ya kitu kimoja tu, nunua krimu yenye SPF 30 au zaidi, inayosema wazi kwamba inakinga UVA na UVB. SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya UVB, SPF 30 asilimia 97, na SPF 50 asilimia 98. Unaona tofauti ya 30 na 50 ni ndogo. Kubwa ni kupaka ya kutosha. Kwa uso na shingo, jaza mstari kwenye kidole cha shahada na mwengine kwenye cha kati. Ukipaka tone la pembeni ya ukucha, ile namba ya kwenye lebo haikuhusu.

Ikiwa unazo za vitu viwili, krimu ya antioksidanti ina nafasi yake. Ipake asubuhi kwenye ngozi safi, isubiri inywewe, halafu paka ya SPF juu yake. Chagua iliyotaja viini vyake na kiasi chake, iliyomo katika chupa ya rangi nzito au ya kubinya isiyoingiza hewa. Antioksidanti ni kitu kinachowahi kuharibika. Hiyo ndiyo tabia yake. Kichupa cheupe kilichokaa wiki nzima juani mezani pa muuzaji kina mlinzi aliyekufa kabla ya kuanza kazi. Dawa ya vitamini C ikigeuka rangi ya hudhurungi, imekwisha. Zile za kutengeneza nyumbani zenye maji au utomvu wa mshubiri bila kihifadhi huota vijidudu na kuvu haraka katika joto letu hili.

Kabla ya kupaka usoni, jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono kwa siku mbili. Kabla ya kulipa, tafuta alama ya ubora ya KEBS, na utume namba yake ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukianza na SM#, uone kama bidhaa ni hiyo hiyo iliyoandikwa.

Krimu ya jua inahitaji kurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na kila baada ya maji au jasho jingi. Anayetawadha kwa Adhuhuri na Alasiri anaiosha, kwa hiyo abebe kichupa chake. Kama krimu nzito inazuia maji ya udhu, hilo muulize sheikh wako. La kemia ni rahisi: osha uso, tawadha, swali, kisha paka upya.

Na usisahau kinga isiyoisha wala kuchacha. Nguo nzito yenye rangi ya giza, buibui ikiwemo, huzuia miale vizuri kuliko pamba nyepesi nyeupe. Kofia pana ya ukindu hununuliwa mara moja tu, nayo haihitaji kurudiwa kila saa mbili. Kivuli cha mwembe kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ni bure.

Wauzaji wetu, nanyi nawaomba. Sina ugomvi na biashara ya mtu, na wengi wenu ni dada zetu wanaolisha watoto kwa vichupa hivyo. Iuzeni krimu ya mimea kwa jina lake: mafuta ya kulainisha ngozi yenye antioksidanti. Msiandike "kinga ya jua" pahala ambapo hakuna SPF iliyopimwa. Na akija mama ameshika mkono wa mtoto mwenye ualbino, mrudisheni kwenye ile nyeupe ya hospitali, hata kama siku hiyo mtakosa mauzo.